Shavu Lililobaki Nyuma

Kwanza ni sauti ya mapovu. Bwu, bwu, bwu, kisha kimya kifupi cha mtu anayevuta pumzi, kisha bwu, bwu, bwu tena, na Ambilikile haoni kitu kwa sababu uso wake wote uko chini ya taulo la moto. Hana haja ya kuona. Anajua ni mama yake, ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, ametumbukiza mrija kwenye kikombe cha maji na anapuliza. Zoezi hilo ni la Ambilikile, si la mama. Lilitolewa na Dada Sekela, yule wa chumba cha mazoezi ya viungo pale hospitali: weka taulo la moto mpaka misuli ya uso ilegee, kisha bana midomo kwenye mrija, puliza taratibu, povu moja moja, na upepo usitoroke pembeni. Ambilikile amegoma. Kijana wa kiume, mtunzi ambaye jina lake limevuka milima ya Tukuyu bila kusukumwa na mwalimu yeyote, akae anapuliza maji kama mtoto aliyepewa soda? Basi mama amelichukua zoezi yeye. Analifanya kila alasiri mbele ya mwanawe, kwa bidii kabisa, na kelele zake mwenyewe hazisikii hata chembe, maana masikio yake yalizimwa na homa ya uti wa mgongo Ambilikile akiwa bado anabebwa mgongoni.

Mimi naweza, anasema mama kwa ile sauti yake isiyojua kimo chake, sauti inayowafikia hadi majirani. Povu moja moja, kama alivyosema Dada Sekela. Wewe unashindwa nini, baba? Mdomo wako umekatiwa bima?

Chini ya taulo Ambilikile hajibu. Kumjibu mama ni lazima umgeukie, kwa kuwa mama husikia kwa macho. Huisoma midomo ya mtu kama wengine wanavyosoma gazeti. Na midomo ndiyo iliyomsaliti. Miezi miwili iliyopita alipanda juu ya lori la ndizi kwenda kughani shairi kwenye harusi Mbeya, upepo wa baridi ukampiga njia nzima, na kesho yake akaamka nusu ya uso imelala bila yeye: jicho la kushoto halifumbi, shavu linaning'inia, chai inachuruzika kidevuni. Wapo waliosema ni upepo, wapo waliosema ni kofi la jini, daktari akasema ni mshipa wa fahamu umevimba na uso utarudi polepole akifuata mazoezi. Vijana wa stendi wakambatiza Nusu Mwezi. Hayo yote angeyameza. Kinachomkwama kooni ni kwamba mama hamwelewi tena. Ushairi wenyewe alianza kuutamka kwa ajili ya macho yale. Tangu mdogo alilijaza kila neno midomoni ili mama alione likipita, na watu wakadhani ni kipaji. Sasa akisema, upande wa kulia unavuta kwa pupa na wa kushoto hausogei, neno linapinda, na mama anakunja paji la uso na kuuliza: Mbona unanibeza, mwanangu? Alipoulizwa hivyo mara ya pili akaacha kusema naye. Siku hizi humkalia ubavu, humwonyesha shavu zima tu, na maongezi yao yamebaki ya vidole: chai, chumvi, funga mlango. Akiwa peke yake chumbani huulazimisha uso kwa nguvu zote mpaka jasho linamtoka, na uso unazidi kwenda upande. Jana, kwa mara ya kwanza, mama hakumtazama mdomoni kabisa. Alitazama mikono. Ambilikile aliliona hilo na hakuhisi kitu, na huko kutohisi ndiko kulikomtisha, kidogo tu, kama kelele zinazotoka nyumba ya tatu.

Bwu, bwu, bwu. Taulo linapoteza joto, na mahali fulani kati ya povu moja na jingine linaacha kuwa taulo. Linakuwa ukungu. Ni ule ukungu wa Tukuyu wa asubuhi, mzito, wenye harufu ya majani ya chai na moshi wa kuni mbichi, na Ambilikile anausukuma kwa mkono kama pazia la mlango wa mtu anayemfahamu, anaingia, na pazia linajifunga nyuma yake. Yuko barabarani. Barabara ni nyekundu na pana na haina mwisho upande wowote, na chini yake, ndani ya udongo, mapovu yale yanaendelea kama kijito kilichofukiwa kikiwa hai. Hana hofu. Hana furaha. Ni kama mtu anayetazama mvua inayonyesha mtaa wa pili. Anatembea kwa sababu barabara ipo, kifua mbele, anapita jiwe jeupe, anapita banda la bati lisilo na mlango, anapita shamba lililolimwa, na barabara inanyooka na inapinda kidogo kushoto na inanyooka, na hapo tena jiwe jeupe, na banda lisilo na mlango, na shamba. Anaongeza mwendo. Jiwe jeupe linarudi haraka zaidi. Anatazama miguu yake na kuona wa kulia unapiga hatua ndefu za askari wa gwaride, na wa kushoto unafuata kama mtoto anayeburutwa sokoni, na haoni kama jambo hilo linamhusu. Shambani mtu amesimama nyuma ya maksai wawili, mkono mmoja kwenye plau, mwingine umeshika kamba. Mtu huyo hana uso. Mahali pa uso pamekuwa laini kama yai lililomenywa. Shamba lake lote limelimwa duara, mfereji ndani ya mfereji, kama maji yaliyoangushiwa jiwe yakaganda.

Unakwenda wapi, kijana? anauliza yule mtu, na sauti inatoka mahali fulani nyuma ya kifua chake. Nakwenda mbele, anasema Ambilikile. Mbele umeipita muda si mrefu, imekusalimia hukuitikia. Ambilikile anagundua kwamba maneno yake yanatoka bila midomo kuhusika, yanatoka tu, kama jasho, na hata hilo halimshangazi. Na wewe mbona huna uso? anauliza. Mwenye yai kichwani anacheka mpaka kamba inatikisika. Mimi sina, nimezoea. Wewe unao na unautumia nusu. Kati yetu nani wa kupewa pole? Moto unampanda Ambilikile, lakini unaishia tumboni, haufiki. Anasema: Unajua unaongea na nani? Najua, anasema yule mtu. Naongea na shavu la kulia. La kushoto tutaongea likifika.

Kisha anatia plau ardhini na kusema: Kitendawili. Tega, anasema Ambilikile kabla hajafikiri, kwa kuwa hakuna aliyelelewa huku anayeweza kuambiwa kitendawili akanyamaza. Nina maksai wawili chini ya nira moja. Wa kulia ana nguvu za kubomoa ukuta. Wa kushoto ametoka kuugua juzi. Kila nikilima, shamba linakuwa duara. Nifanye nini nilime mstari? Mchape huyo mgonjwa, anasema Ambilikile. Nimemchapa, amelala. Basi mwongeze pumba mwenye nguvu, awavute wote wawili. Nimemwongeza, sasa nalima duara upesi zaidi. Mfungue mgonjwa, mwache kando. Nilimfungua, nira ikaning'inia upande, plau likachimba kaburi. Yule mtu anakunja mikono. Umeshindwa. Nipe mji.

Hiyo ndiyo kanuni, tangu utotoni jikoni: asiyejua jibu hutoa mji, aliyetega huupokea, huenda huko kwa maneno, hula na kunywa, kisha ndipo husema jibu. Ambilikile hajawahi kutoa mji. Watoto wenzake walitoa Mbeya na Dodoma na Dar es Salaam kama wanaogawa karanga, yeye aliketi mpaka usingizi ukambeba kuliko kusema nimeshindwa. Sitoi, anasema. Hata Tukuyu tu? Basi chukua Tukuyu, anasema, ili aachwe apite. Yule mtu anafumba macho asiyokuwa nayo. Nimekwenda Tukuyu, anasema, nimekula ndizi zake, nimekunywa chai yake, nimemkuta mwanamke anapuliza maji kwenye kikombe kwa niaba ya mtu mwingine. Mji mzuri, lakini si wako kuutoa. Nipe ule ambao wewe ndiye mkubwa wake. Sina mji kama huo, anasema Ambilikile. Unao, anasema yule mtu. Huoni taa zake?

Na kweli barabara, iliyokuwa imepinda miaka yote hiyo, inamwaga Ambilikile kwenye mji. Nyumba zote kuta zake ni vioo, kama saluni ya kinyozi iliyozaa saluni nyingine na hizo zikazaa tena, na barabara zenyewe ni vioo, na mbingu inapita chini ya viatu. Anajitazama kwenye ukuta wa kwanza na kumwona kijana mzuri. Uso umenyooka, jicho hili sawa na lile, mashavu mawili yaliyosimama. Anakaribia. Ni yeye, lakini vioo vimelichukua shavu lake la kulia vikaliweka pande zote mbili, kulia na kulia, na la kushoto halipo popote. Haulizi limekwenda wapi. Watu wanatoka milangoni, wengi, wamevaa nguo za harusi, wote ni mayai yaliyomenywa, wanapiga makofi na kumbeba juu juu hadi kwenye jukwaa, na mmoja anapaza sauti: Mtunzi! Mtunzi mzima! Ghani, tukusikie! Ambilikile anapanua kifua na kutoa ubeti wake wa majigambo, ule uliowahi kuwanyamazisha watunzi watu wazima,

Mimi simba wa maneno, nikinguruma mwashuka,
milima hung'ata meno, mawingu hutawanyika,

lakini mdomo ule wenye kulia mbili unavuta huku na unavuta kule, unapanuka tu, midomo haikutani hata mara moja, na kinachotoka ni aaa na iii na ooo, kama mlango wa zizi kwenye upepo. Umati unashangilia. Hawana masikio, anaona sasa, wanashangilia upana wa mdomo. Anaghani tena, kwa nguvu zaidi, mdomo unapanuka zaidi, wanashangilia zaidi, na yeye amesimama ndani ya makofi hayo bila kuhisi kitu, kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi na sasa anaugonga kwa ngumi kuona kama bado ni wake.

Ndipo anamwona. Nyuma ya umati kuna mwanamke aliyempa mgongo, kitenge chake ni kile cha kijani chenye mikungu ya ndizi, kisigino kimoja kimepasuka, na anakwenda zake. Anapita kati ya wale watu na kutazama mikono yao tu, huyu mikono, yule mikono, kama mtu anayechagua nyanya. Mama! anataka kusema Ambilikile, na kwa neno hilo midomo lazima ikutane, hakuna njia nyingine, na haikutani, na linatoka aa-aa. Hageuki. Angegeuka kwa kipi? Nyumbani humwita kwa kupiga sakafu mguu ili ausikie mshindo nyayoni. Anapiga kioo cha barabara kwa mguu wa kulia na kioo kinabonyea kama godoro. Anaruka kutoka jukwaani na kumkimbilia. Mguu wa kulia unatangulia, njia inapinda kushoto, anapita jukwaa, anapita jukwaa tena, anapita jukwaa lile lile na watu wale wale wanampigia makofi kwa mbio zake, na kila akizunguka kile kitenge cha kijani kimekuwa kidogo zaidi, kitambaa cha kichwa, leso, jani. Kitu kinamchoma upande wa kushoto wa kifua, kidogo sana, kama sindano inayotafuta mshipa. Anasimama. Yule mwenye plau yuko pale, ameegemea ukuta wa kioo, na kiooni hana hata kivuli.

Mkimbiaji hodari, anasema. Umeshinda watu wote waliosimama. Chukua, anasema Ambilikile. Nichukue nini? Chukua mji. Sijui jibu. Nimeshindwa, nakupa mji wangu huu, na vioo vyake, na makofi yake, na huo uso wenye kulia mbili uende nao. Anatarajia kufa kwa aibu na hafi. Yule mtu anaingiza mji mfukoni kama mtu anayeweka ufunguo. Nimekwenda kwenye mji wako, anasema, nimekula, sikushiba. Nimekunywa, kiu iko pale pale. Nikawauliza watu mtunzi wenu anasema nini, hakuna aliyejua. Sasa sikiliza jibu. Usimchape mgonjwa. Mshike kamba mwenye nguvu. Asitangulie. Mgonjwa akiinua mguu, ndipo na yeye ainue. Na mgonjwa asipoinua? Mngojee. Mpaka lini? Mwenye yai kichwani anainua mabega. Maksai ni wako, unaniuliza mimi?

Ambilikile anajua ameshaambiwa hili. Siku ya kwanza kabisa Dada Sekela aliweka kidole kwenye shavu lake la kulia, akalizuia, akasema: Huyu ana haraka, sasa sema kidogo tu, nusu ya nusu, tuone mwenzake atafanya nini. Ambilikile aliusukuma mkono ule. Unamfunga mzima kwa kosa la mgonjwa? alimuuliza, kwa jeuri, mate yakimtoka pembeni. Sijamfunga, alisema Dada Sekela akijifuta mkono. Namwomba asubiri. Na mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, macho yake hayakubanduka mdomoni mwa yule dada. Alilinywa kila neno.

Vioo vimekwisha, barabara ni udongo. Ambilikile anakwenda polepole, anauzuia mguu wa kulia, anausikiliza wa kushoto, na wa kushoto unajivuta, unakaa, unajivuta. Ni mwendo wa kuchekesha. Barabara haipindi. Mwisho wake, na kumbe ina mwisho, kuna kigoda, na juu ya kigoda yule mwanamke wa kitenge cha kijani, amegeuka sasa, na hana uso. Hana macho ya kumsomea midomo. Ananyoosha mikono yote miwili, kiganja kimoja kwenye shavu hili, kingine kwenye lile, na Ambilikile anahisi kile cha kulia tu. Sema, anasema mwanamke. Ngurumo ile ya zamani inamjaa kifuani, inataka njia, inataka kutoka na milima yake na mawingu yake. Anaweka kidole kwenye shavu la kulia. Subiri, analiambia. Anasubiri. Chini ya ardhi bwu, bwu, bwu, povu moja moja, na mahali fulani mbali, chini ya lile shavu lililokufa, kitu kinatikisika kama kuku anayegeuka kwenye kiota, kinaacha, kinatikisika tena. Mdomo wa juu unashuka kidogo. Wa chini unapanda kidogo. Inagusana, dhaifu, kama watu wawili waliogombana wanaosalimiana kwa ncha za vidole, na neno linatoka dogo kuliko maneno yote aliyowahi kuyatamka, halina mizani, halina vina. Mama. Kwenye lile yai laini jicho moja linafunguka, kisha jingine, yale yale, yenye ule uzi mwekundu pembeni, na yanamtazama mdomoni. Nimesikia, anasema mwanamke. Rudia.

Giza. Kitu chenye unyevu kimemlalia usoni, baridi. Taulo. Mapovu yamenyamaza. Ambilikile amelala chali, anasikiliza bati likidondosha matone, na hajui kama amefika au bado anapita. Anasema chini ya taulo, kwa sauti ya kupima tu: Mama, upo?

Nipo, anasema mama.

Mdomo wa Ambilikile umefunikwa, hakuna macho yanayosoma kupitia taulo, na mama yake hasikii hata radi. Labda mkono wake uko juu ya shavu la kushoto na umelisikia neno likipita. Lakini shavu hilo lina ganzi, lingewekewa mkono au mji mzima asingejua. Labda ni ukungu bado, na akifunua taulo atakuta jiwe jeupe na banda lisilo na mlango. Angeweza kupapasa ili ajue. Hapapasi. Anashusha taulo kidogo kidogo. Dirisha ni jeupe tupu, ukungu umekula mlima wote na nusu ya mgomba wa uani, na kigoda kimesogezwa hadi ubavuni pa kitanda, na mama amekikalia, mikono iko mapajani, mrija ukiwa umebanwa kati ya vidole. Kikombe kiko sakafuni. Juu ya maji kuna povu moja, halipasuki.

Umelala kama gogo, anasema mama kwa sauti ya kuwafikia majirani. Mimi nimemaliza zoezi lako lote. Kesho nitakusaidia na kula? Kisha anatazama mikono ya mwanawe, kama jana, kuona inataka chai au inataka chumvi.

Ambilikile anaketi. Anaificha mikono yote miwili chini ya blanketi, na mama, akiwa hana pa kutazama, anapandisha macho. Siku yoyote ya miezi hii miwili angekuwa tayari ameshageuka upande. Anamgeuzia uso wote, shavu linaloning'inia, jicho lisilofumba, mate kwenye pembe ya mdomo, vyote, na hapo ndipo anautoa mkono mmoja na kuweka kidole kwenye shavu la kulia. Mama anaona kidole kile. Anaweka mrija chini. Ambilikile anasubiri, na mama naye anasubiri, na hakuna hata mmoja anayejua itachukua muda gani.

Mama, anasema, na midomo inagusana. Sitakukalia ubavu tena. Kila siku nitaketi hapa mbele yako, uso wote, na sitainuka mpaka hili shavu lifike.